Mjadala: Anayesimamia shule za serikali, mwanawe asome wapi?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naleta hoja hii sasa kwa sababu msimu wa korosho ndio unaoamua nani asome wapi. Malipo ya mnada yakiingia, Novemba na Desemba, wenye nacho wanahamisha watoto kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wa Newala na Tandahimba wanaletwa Mtwara mjini, wa mjini wanapelekwa bweni Dar au Morogoro. Anayebaki ni mtoto wa yule aliyeuza kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, kwa njaa kabla mnada haujafunguliwa.

Mfanyabiashara simgusi, hela ni yake. Nawasema mkurugenzi, afisa elimu, diwani na mbunge, wanaopitisha bajeti ya shule ambayo wanao hawaikanyagi. Msimamo wangu: ukishika nafasi hiyo, mwanao wa shule ya msingi asome shule ya serikali, ndani ya halmashauri yako.

Nenda kwenye kikao cha wazazi uone. Mwalimu mkuu anasoma mapato: ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu, haifiki mikononi mwake. Anauliza nani ana swali. Mama mmoja anasimama, anakaza kanga kiunoni, anauliza uji wa watoto utaanza lini. "Linafanyiwa kazi, mama." Anakaa. Hakuna wa kumsaidia kubana, maana mhasibu na mwanasheria wa mtaa huo wako kwenye kikao cha shule ya kulipia, na huko wanahoji mpaka bei ya mchele.

Msiniambie shule za serikali hazifai kwa asili yake. Mtoto akishalipiwa ada miaka saba, akachaguliwa Kibaha, Ilboru au Kilakala, nyumba nzima inashangilia, na hizo zote ni za serikali. Kinachonunuliwa huku chini ni Kiingereza. Shule zetu nyingi za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka. Mtoto wa Mahuta aliyekuwa wa kwanza darasa la saba anaijua mimea kwa majina yote ya nyumbani, lakini kwenye biolojia hajibu kitu, mwalimu anamwona mzito. Mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza anarudia aliyokwisha kuyasoma. Mzigo huu ungekuwa unawaangukia watoto wa wakubwa, suala la lugha lingeshapatiwa jibu siku nyingi.

Karibuni, pingeni kwa hoja.

Mwalimu, Masasi: Ndugu mleta mada, mtoto hakuchagua kazi ya baba yake. Mimi ni mwalimu wa serikali na wangu nimempeleka mchepuo, kwa mkopo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 darasa limefurika, madaftari nasahihisha nusu, nusu yanalala. Nimwache mwanangu kwenye nusu inayolala? Halafu India wamelijaribu hili. Mahakama Kuu ya Allahabad iliagiza mwaka 2015 watumishi wa umma wa Uttar Pradesh wasomeshe watoto shule za serikali. Amri haikutekelezwa.

Mzazi, Nachingwea: Mwalimu, na sisi tusio na pa kukopa? Watoto wetu ndio hao wa nusu inayolala.

Mleta mada: Mwalimu, shikamoo. Nilikuacha nje ya orodha kwa makusudi, wewe hugawi bajeti. Hayo ya madaftari ndiyo nataka mkurugenzi ayaone kwenye begi la mwanawe jioni, maana kwenye taarifa za robo mwaka hayamo. La India nalikubali: amri peke yake watu wataikwepa, mtoto ataandikishwa kwa shangazi. Basi tuanze na jambo linalotekelezeka. Wabunge, wakurugenzi na madiwani tayari wanajaza tamko la mali na madeni kila mwaka kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Iongezwe sehemu moja: watoto wako wanasoma shule ipi, ya nani. Na sehemu hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata, wapiga kura waisome. Anayeona hili nalo ni kumwonea mtoto, aseme ni kwa vipi.