Mrejesho: ufunguo wa choo ofisini

Wakuu, nawashukuru sana. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu ofisi yetu hapa Mwanza mjini: wanawake 40, matundu 2 ya choo, ufunguo kwa msimamizi, na kila ukienda unasaini daftari. Nilifuata ushauri wa barua ya pamoja, tukataja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Tulisaini 23. Daftari limeondolewa, na ule ufunguo uliofungwa kipande cha mbao haupo tena mezani kwa msimamizi. Mlango uko wazi kutwa. Dada mmoja mjamzito wa masijala alinishika mkono, machozi yakamtoka. Matundu hayajaongezwa, wanasema bajeti. Maji nayo yanakatika mchana, tunachota kwenye pipa. Kwa wakaguzi wa OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini) bado hatujaenda, ila kimya kikizidi tutakwenda.