Riwaya ya watoto waliobadilishwa na mafeari: mwandishi ametuchezea akili

Wakuu, nina hasira. Ambaye hajaisoma ajue kabisa kwamba nafichua kisa.

Nimetoa Sh 35,000 dukani hapa Arusha mjini. Jalada linang'aa, na nyuma wameandika maneno matamu: msichana wa miaka 16 anagundua kuwa si binadamu, mafeari, wale viumbe wa kichawi wa ngano za Ulaya, walimwiba mtoto halisi wakamlaza yeye mahali pake. Nikaanza kuisoma ndani ya Coaster ya Moshi, na kabla ya Boma Ng'ombe nilishachemka.

Imani hii ya Ireland na Uskoti ni nzito, jamani. Mtoto akidhoofika ghafla, akawa halali wala hakui, watu walisema huyu si wetu, wetu kachukuliwa. Walining'iniza mkasi wa chuma juu ya kitanda cha kichanga, maana mafeari wanaogopa chuma. Walichemsha maji kwenye ganda la yai mbele ya mtoto, ili yule wa bandia ashangae na kuropoka kwamba ameishi miaka mingi na hajawahi kuona jambo kama hilo. Na watu walikufa kweli. Mwaka 1895, huko Tipperary, Ireland, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyeshikilia kuwa huyo si mkewe bali kiumbe aliyeletwa badala yake. Mume akafungwa kwa kuua bila kukusudia.

Hazina yote hiyo, mwandishi kaifanyia nini? Mapenzi! Wavulana wawili wanagombea msichana mmoja, mmoja macho ya kijani, mwingine macho ya fedha, kurasa kwa kurasa.

Hata sheria zake mwenyewe kazisahau. Sura ya tatu msichana anagusa msumari, kidole kinavimba malengelenge, tunaambiwa chuma ni sumu kwa damu yao. Haya. Baadaye huyo huyo kashika kikaango cha chuma, anamkaangia mayai yule wa macho ya kijani huku anacheka. Hana kitambaa mkononi, hana kinga ya kichawi, hakuna maelezo yoyote. Nilirudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa. Mhariri alikuwa wapi?

Ila kinachoniuma zaidi ni mama. Kila aliyejifungulia wodini anaijua hofu ya kubadilishiwa mtoto. Ule utepe wenye jina mkononi mwa kichanga unaukagua kila ukishtuka usingizini. Huyu wa kitabuni anaambiwa ukweli jikoni, analia sentensi mbili, kisha anamuuliza binti kama atakula. Haonekani tena! Na mtoto aliyeibiwa? Tunaambiwa tu yu salama upande wa pili. Hata jina hakupewa. Hadithi niliyoilipia ndiyo hiyo, na haimo.

Msiniambie ni kitabu cha vijana nisikaze. Nilimnunulia binti wa dada yangu, yuko kidato cha tatu Moshi, na alipomaliza aliniuliza: "Mama mdogo, yule aliyeibiwa hakuna hata mmoja aliyeenda kumtafuta?" Nikose jibu kwa sababu mtu mzima kaona uvivu kuandika?

Tena kinakatika katikati ya vita ili tununue cha pili. Sinunui. Mwenye riwaya ambayo mtoto aliyeibiwa anatafutwa kweli, ya Kiswahili au ya Kiingereza, aitaje hapo chini. Likizo ya Juni imekaribia na huyu binti anasoma.