Treni ya Kigoma irudishiwe mabehewa yake, au zama zake zimepita?

Mtoto wa Stesheni
Wakuu, za jioni. Nimekulia Tabora, nyumba za reli, miaka ya 80. Treni ya Dar ikiingia, sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuhesabu mabehewa. Hayakuwa yanapungua 16, na shule zikifungwa nilishahesabu mpaka 19. Kichwa cha treni mbele, kinafuata behewa la vifurushi, daraja la tatu, behewa la chakula katikati, halafu la pili na la kwanza. Pale Tabora inakatwa, haya ya Mwanza, haya ya Kigoma. Mwezi uliopita nimekwenda stesheni kumpokea mama mkubwa, nimehesabu 9. Sasa SGR, reli mpya ya kisasa, inakuja, na nasikia watu wanasema reli ya zamani ibaki ya mizigo tu. Mimi nakataa. Treni ya abiria ya reli ya zamani ibaki, na irudishiwe urefu wake. Mnasemaje?

Kinondoni Moja
Mkuu, urefu wa nini? Mchongoko, ile treni ya umeme ya SGR, una mabehewa 8 na unabeba abiria 589. Dar mpaka Dodoma ni saa tatu na ushee, na siku hiyohiyo kuna treni nyingine na nyingine tena. Hiyo yako ya mabehewa 19 ilikuwa inaondoka siku chache tu kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe, kwa wiki nzima nani anabeba watu wengi? Halafu tuseme ukweli, daraja la tatu la zamani ulikuwa ukishuka unanuka dagaa na mawese siku tatu.

Kasulu Kwetu
Unanuka dagaa na mawese? Dagaa hao na mawese hayo ndiyo ada yangu ya sekondari, ndugu. Mama yangu alikuwa anapanda Kigoma na madumu manne ya lita ishirini. Mdomo wa dumu anaufunika kwa nailoni, anakaza kifuniko, halafu anachukua sabuni ya mche, anailainisha kwa maji na kusiliba pembeni kote ili tone lisitoke. Usiku kucha anapapasa kwa kiganja kuona kama kuna unyevu. Mawese yakivuja hasara ni yake kabla ya kuwa harufu yako. Omba radhi.

Kinondoni Moja
Sijamtaja mama wa mtu. Nimetaja harufu.

Kasulu Kwetu
Harufu ilikuwa ya nani kama si ya mama?

Mgosi wa Korogwe
Mnagombea mawese wakati wenzenu tulikaa miaka na miaka bila treni ya abiria kabisa. Reli yetu ndiyo ya kwanza nchi hii, ilianza kujengwa Tanga 1893, Moshi ikafika 1911. Treni ya abiria ya Moshi imerudi Desemba 2019, Arusha 2020. Katikati hapo reli ilimezwa na nyasi na vijana walikuwa hawajui honi ya treni inaliaje. Wewe unalia una mabehewa 9? Mimi ningepewa mawili ningeshukuru.

Nyamagana
Mgosi pole. Lakini tukubali Mjerumani alijenga. Angalia reli ya Mwanza, tangu wakati wake mpaka leo tuta limesimama.

Gadi Mstaafu
Hamjambo wanangu. Nyamagana, reli ya Mwanza haikujengwa na Mjerumani. Mjerumani alianza Dar 1905, akafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, vita ikamkuta hapohapo. Kutoka Tabora kwenda Mwanza ni kazi ya Mwingereza, ilikamilika 1928. Tusisahau pia jasho lilikuwa la babu zetu, yeyote aliyekuwa anashika mchoro.

Sasa urefu. Treni haiongezwi mabehewa kama unavyoongeza viti harusini. Jambo la kwanza ni mlima. Ukitoka Dodoma kwenda Tabora unafika Saranda, na kutoka Saranda kwenda Manyoni unapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Hapo ndipo mzigo wa treni nzima unapopimwa. Kichwa kinachokokota 18 kwenye tambarare ya Itigi, hapo Saranda kinaweza kukushinda.

La pili, reli ni moja. Treni mbili zikikutana, moja inaingia njia ya pembeni, na inatakiwa iingie yote, mkia usibaki nje. Kama njia ya pembeni ni fupi kuliko treni yako, umefunga reli. La tatu ni breki. Breki zinafuata hewa ya kwenye bomba linalotoka kichwani hadi behewa la mwisho. Treni ikiwa ndefu, mkia unachelewa kusikia. Na mabomba ya viungoni yakiwa yamechoka, unatafuta panapovuja behewa kwa behewa, tochi mkononi, abiria wanakuchungulia dirishani wanauliza tunaondoka lini.

Miaka hiyo tulikuwa na vichwa vya aina ya 88 vya Kanada na vya aina ya 73 vya India. Vikiwa vizima, mabehewa yanaongezwa. Vikianza kupungua, mabehewa nayo yanapungua. Hayo 9 unayoyaona chanzo chake kinaanzia kwenye kichwa.

Binti Uvinza
Shikamoo mzee. Asante kwa darasa.

Gadi Mstaafu
Marahaba binti.

Kinondoni Moja
Mzee amenisaidia bila kujua. Kumbe treni ndefu ni hatari. Igandu, 24 Juni 2002, treni ya abiria zaidi ya elfu moja ilirudi nyuma kwenye mlima ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Mnataka turudi huko?

Gadi Mstaafu
Kijana, nisikilize. Igandu usiitaje kwa ajili ya kushinda ubishi. Wale watu wamezikwa Dodoma, na wengine hawakutambulika hata majina. Sikusema urefu unaua. Nimesema urefu una masharti yake. Treni ya mabehewa manne yenye breki mbovu ikianza kurudi mlimani nayo haisimami. Tusichanganye mambo.

Kinondoni Moja
Samahani mzee wangu. Hapo nimeteleza.

Kasulu Kwetu
Mzee ameombwa samahani, mama yangu bado.

Jamaa wa Kisumu
Ndugu zetu wa Bongo, hamjambo. Hapa kwetu Madaraka, treni ya SGR ya Kenya, inabeba zaidi ya abiria 1,200 kwa safari moja, Nairobi hadi Mombasa. Kwa hivyo gari la moshi refu bado lipo Afrika Mashariki, mkitaka kuliona njooni. Lakini pia mimi nalia kama nyinyi. Lile la zamani la usiku la Mombasa lilikoma 2017 Madaraka ilipoanza. Mhudumu alikuwa akipita koridoni akigonga kengele, watu wanajua chakula ki tayari. La Kisumu nalo lilipotea miaka kadhaa, likarudi Desemba 2021. Watoto walilikimbilia njiani wakipunga mikono kama limekuja mara ya kwanza.

Nyamagana
Madaraka ni ya dizeli. Ya kwetu inakwenda kwa umeme, tena kasi ya kilomita 160 kwa saa. Urefu bila umeme si kitu.

Jamaa wa Kisumu
Sikuja kushindana, lakini mmenianza. Nenda makumbusho ya reli Nairobi utazame vichwa vya mvuke vya aina ya 59, vile vya Beyer Peacock. Vilikuwa 34, kila kimoja tani 252, vilikuwa vinakokota treni za Mombasa kabla ya dizeli. Viwili vimesimama pale mpaka leo, kimoja kimeandikwa Mount Gelai, kingine Mount Shengena. Milima hiyo iko wapi?

Mgosi wa Korogwe
Shengena iko Upare! Ukisimama upande wa Same unaiona. Sikujua kabisa kwamba jina lake liko Nairobi. Hilo limenigusa, asante ndugu.

Nyamagana
Basi virudi kwetu.

Jamaa wa Kisumu
Reli ilikuwa yetu sote mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Kila mtu alibaki na kilichokuwa upande wake siku hiyo. Milima mmebaki nayo nyinyi.

Mtoto wa Stesheni
Jamani, swali langu ni treni ya Kigoma. Hesabu ya Kinondoni ya mwanzo kabisa haijajibiwa na mtu, na mimi mwenyewe inanisumbua. Ni kweli mabehewa 8 yanayokwenda kila siku yanashinda 19 ya mara chache. Lakini mchongoko ni kitu kimoja, huwezi kuuchomekea behewa la tisa wiki ya sikukuu. Ile ya zamani unaongeza mbele, unaongeza nyuma, unakata Tabora, na ukipata watu wa Mpanda unawakatia Kaliua. Hata SGR zile treni zinazovutwa na kichwa zinaweza kuongezwa. Kwa nini tusizungumze hilo?

Binti Uvinza
Kaka, mimi nazungumza. Nauza chumvi na asali. Mchongoko ni mzuri na nimeupanda, nilifurahi, viti visafi, choo kisafi. Ila hauna behewa la mizigo. Mimi na magunia yangu mawili ya chumvi napanda wapi? Basi moja, sitalitaja, lilinitoza gunia kwa bei ya mtu mzima, halafu likaliweka chini ya galoni za mafuta ya taa. Chumvi yote ikabeba harufu, nikairudisha nyumbani. Kwenye treni gunia linapimwa, unapewa karatasi yako, ukifika unaonyesha karatasi, unachukua gunia.

Kinondoni Moja
Dada, mizigo iende na treni ya mizigo, abiria waende na treni ya abiria. Dunia nzima iko hivyo.

Binti Uvinza
Magunia mawili treni ya mizigo itayapakia wapi? Pale wanapakia makontena. Mwenye magunia mawili lazima aende nayo mwenyewe, akiyauza ndipo anapata nauli ya kurudi.

Nyamagana
Na Saranda je? Kuku wa Saranda wanaletwa dirishani wa moto, unalipa treni ikiwa inaanza kutembea. SGR dirisha halifunguki.

Mgosi wa Korogwe
Korogwe tulikuwa na machungwa ya kusukwa kwenye kamba.

Nyamagana
Chungwa halishindi kuku.

Gadi Mstaafu
Nimerudi, nilikuwa swala. Mtoto wa Stesheni, kuhusu kukata Tabora. Jioni ya siku ya pili tunaingia, giza linaanza. Kila behewa lilikuwa na kibao ubavuni, MWANZA au KIGOMA. Lakini abiria amekaa siku nzima, amepata rafiki behewa la tatu kutoka lake, amehamia kwa rafiki, wanapiga soga na usingizi umewachukua. Sisi tunapita na taa behewa kwa behewa: "Wa Kigoma huku, wa Mwanza huku, angalieni kibao!" Unamwamsha mtu, unamuuliza unakwenda wapi, anakwambia Uvinza, na kibao kinasema Mwanza. Unabeba furushi lake kwa mkono mmoja na mtoto wake kwa mkono mwingine. Kisha kichwa cha shanta, kile cha kupangia mabehewa stesheni, kinakuja, kinasukuma, kinavuta, mtikisiko unakwenda toka behewa la kwanza mpaka la mwisho, na treni moja inakuwa mbili. Kukata treni ya mabehewa 18 na kuipanga upya ilikuwa kazi ya saa nzima na zaidi. Ukinipa 9 namaliza upesi, lakini nusu ya wale watu sijui wako wapi.

Binti Uvinza
Mzee, bibi yangu alizindukia Isaka! Alikuwa anakwenda Kigoma. Alikaa kwa watu asiowajua siku mbili, wakampa uji na mkeka, na mpaka anafariki alikuwa anawataja kwenye dua zake.

Kinondoni Moja
Haya. Mimi bado nasema wingi wa safari unashinda urefu wa treni, na hakuna aliyenijibu kwa hesabu. Ila hilo la magunia mawili sikulifikiria. Behewa moja la vifurushi lingefungwa kwenye treni za SGR zinazovutwa na kichwa, ningeunga mkono. Kasulu, kwa neno langu la kwanza niwie radhi. Mfikishie mama.

Kasulu Kwetu
Nimempigia simu mama sasa hivi, nimemsomea yote. Amepokea. Nikamuuliza na swali la Mtoto wa Stesheni, treni ilikuwa na mabehewa mangapi. Anasema hajawahi kuhesabu. Ila akipata nafasi behewa la mwisho, kutoka pale mpaka behewa la vifurushi na dumu kichwani alikuwa anatua mara mbili kupumzika. Na gadi akimwona ana mtoto mgongoni, bendera ya kijani anaiacha imekunjwa kwapani mpaka mama afike.