Je, dereva wa lori wa safari fupi ana ukomo wa saa?

Dereva wa Njoro: Ndugu zangu, naendesha lori la kokoto kati ya Nakuru, Njoro na Molo, na kila jioni nalala kwangu. Mwajiri anashikilia kwamba ukomo wa saa unawahusu wanaokwenda mbali, hadi mpakani Malaba, pekee. Je, ni kweli?

Mkaazi wa Kisumu: Si kweli, ndugu. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, kilichoongezwa mwaka wa 2012, kinakataza kuendesha gari la biashara kwa jumla ya zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24, wala hakitaji umbali. Mwenye gari akikuruhusu kuzidisha, naye ana hatia.

Mzee wa Kakamega: Huenda mwajiri amesoma kanuni za Marekani, ambako dereva asiyevuka maili 150 kutoka kituoni, akirejea ndani ya saa 14, husamehewa kujaza daftari la saa zake, lakini hata huko, saa za usukani haziruhusiwi kupita 11.

Dereva wa Njoro: Asante, mzee. Na foleni ya kupakia?

Mkaazi wa Kisumu: Kifungu kinazungumzia kuendesha. Injini ikiwa imezimwa na utingo anafunga turubai, huendeshi, ingawa uchovu hautofautishi. Andika saa ya kuwasha na ya kuzima kila safari.