Kamati za shule kata yetu tunataka kujifundisha kwa simu, mtaalamu gani tumwite?

Mjumbe_Kitangari

Habari za jioni ndugu zangu wa kusini. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku Newala, nilichaguliwa na wazazi mwaka juzi na tangu siku hiyo sijakaa kwenye mafunzo hata nusu saa, nilipewa tu daftari la mahudhurio nikasaini basi nikawa msimamizi wa shule yenye watoto zaidi ya mia nne. Na sio mimi peke yangu, tumeongea wajumbe wa shule tano za kata yetu wote hali ni hiyohiyo. Tukaona tusingoje, tukafungua grupu la WhatsApp, tuko watu 43, wenyeviti wote watano wamo, na tumekubaliana kila mwezi tunamwita mtu anayejua jambo atufundishe.

Sasa mtaalamu wa kwanza tulimpata toka mjini, kijana msomi kweli na hakutaka malipo, Mungu ambariki. Ila alikuja na Zoom, slaidi zaidi ya 60, nyingi za Kiingereza, akaongea karibu saa nzima na nusu, watu bando likawaishia mmoja mmoja mpaka tukabaki 9. Mwishoni mzee wetu mmoja akauliza "mwanangu, ile ruzuku ikiingia sisi kamati tunajuaje kwamba imeingia na ni kiasi gani?" Kijana akasema hilo aulizwe mwalimu mkuu. Tukafunga simu. Mimi usiku ule sikulala vizuri maana lile ndo lilikuwa swali letu wote.

Naomba ushauri kwa mliowahi kufanya kitu kama hiki: mtaalamu wa kamati ya shule ni mtu gani hasa? Tumtafute wapi, na tumwambie aje na nini? Hela hatuna, tunachoweza ni kumuwekea bando.

MwlMstaafu_Nachingwea

Mwanangu pokea salamu. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka 19 Nachingwea na Liwale, maana yake miaka 19 nimekuwa katibu wa kamati, hivo hii habari naijua kwa ndani. Wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kuanzia 2002 hela za madarasa zilikuja mpaka shuleni na kamati ndizo zilisimamia, na wajumbe tuliokuwa nao wengi wao la saba, wengine hawakufika, lakini walijengesha. Walijengesha kwasababu waliofundisha walikuja na kitabu cha fedha mkononi wakasema huu ni ukurasa wa mapato, huu wa matumizi, hii ni risiti, shika. Baadae huku Lindi tukapata mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania, ikaja na UWW wa wazazi na walimu, nako waliofundisha vizuri ni wale waliowahi kukaa kwenye kiti hicho.

Kwahiyo jibu langu, usitafute mtu mwenye cheo kikubwa, tafuta mtu aliyeshika ile karatasi mnayotaka kuielewa. Swala la fedha, mhasibu. Swala la jengo, fundi mkuu au injinia wa halmashauri. Swala la taaluma, mthibiti ubora, na huyo anakuja vizuri ukimwomba mapema maana kazi yake ni kutembelea shule na ripoti yake inatakiwa ifanyiwe kazi na nyie.

Alafu jambo moja nakuomba ulitie moyoni. Mwalimu mkuu wenu awemo kwenye hilo grupu toka siku ya kwanza. Nimeona kamati zikifundishwa pembeni, wajumbe wanarudi shuleni kama wamekuja kukamata mwizi, mwalimu anajifungia, daftari zinafichwa, na mwaka mzima unapotea kwa kununiana. Mtaalamu akifundisha wote pamoja, mwalimu mkuu anasikia kwa masikio yake kwamba kusoma mapato na matumizi mbele ya kamati na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo ni kazi yake, wala sio kwamba wajumbe wana chuki nae. Wengi wetu tulikuwa waoga tu, hatukuwa wezi, na sisi pia uhasibu hatukusomea.

Mhasibu_Kusini

Shikamoo mwalimu mstaafu, umesema vizuri sana. Mimi ni mhasibu kwenye halmashauri moja mkoa wa Mtwara, ngoja nimjibu yule mzee wa ruzuku maana swali lake linajibika na halihitaji slaidi.

Ruzuku ya uendeshaji ya msingi imepangwa 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inakuja akaunti ya shule. Sasa chukua idadi ya watoto wenu, tuseme 412, zidisha 6,000 unapata 2,472,000 kwa mwaka, gawa kwa 12 ni 206,000 kwa mwezi. Mzee akishajua hiyo namba ya 206,000 tayari ana kitu cha kuuliza. Ikiingia pungufu anauliza kwanini, mara nyingi jibu ni idadi ya wanafunzi iliyotumika ni ya zamani au takwimu zilipelekwa vibaya, na hilo linarekebishika. Na hela ikitoka inaandikwa kwenye FFARS, mfumo wa serikali wa kompyuta wa kutunza hesabu, shule zimeanza kuutumia toka 2017, kwahiyo mwalimu mkuu anaweza kutoa taarifa ikachapwa ikaletwa kikaoni, haina siri.

Kingine ambacho nimekiona kwa macho yangu. Wajumbe wetu huku ni wakulima wa korosho, wanasoma karatasi ya malipo ya AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, mpaka shilingi ya mwisho, anajua kilo zake, bei ya mnada, makato ya chama, makato ya usafiri, ukimkata shilingi kumi anakuuliza. Toka stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho ghalani kwa mnada, ianze Mtwara 2007 watu wamekuwa wakisoma hizo karatasi kila msimu. Mtu huyohuyo ukimpa taarifa ya fedha ya shule anasema mimi sijasoma. Sio kweli kwamba hajui, hajaonyeshwa tu kwamba ni kitu kilekile, kilichoingia, kilichokatwa, kilichobaki. Nilifundisha hivo kamati mbili, nikaanza na karatasi ya AMCOS ya mjumbe mwenyewe alafu nikaweka ya shule pembeni yake, dakika 20 wakaanza kuniuliza maswali ambayo hata mkaguzi wa ndani hajawahi kuniuliza. Kwahiyo mkitafuta wataalamu msimsahau katibu wa AMCOS yenu kama ni mtu mwaminifu, anajua kueleza hesabu kwa lugha ya pale kijijini kuliko mimi.

Niko tayari kuja, bando nnalo. Sharti langu maswali yatumwe siku tatu kabla.

Fundi_Masasi

Upande wa ujenzi naomba niongeze kidogo. Hela za force account, yani ujenzi ambao shule inausimamia yenyewe bila mkandarasi, zikija kamati inatoa watu wa manunuzi, watu wa mapokezi na watu wa ujenzi, na mtu wa mapokezi ndo anaumia maana anasaini kitu asichokijua. Nimefanya kazi kwenye shule moja karatasi ilisema bati geji 28, gari limekuja na geji 30, mama wa mapokezi akahesabu mabati idadi ikatimia akasaini. Hakukosea kuhesabu, hakuna aliyemwambia kwamba geji ikiwa namba kubwa bati ni jembamba. Hilo somo ni la dakika tano kwa video, fundi anashika bati mbili mkononi anaonyesha maandishi yako wapi. Same na mfuko wa saruji, namba 32.5 na 42.5 zimeandikwa pale mbele. Nondo upime kwa rula. Mimi naweza kurekodi hizo video nikazituma, sihitaji Zoom wala nini.

MamaWatatu_Mikindani

Mmeongea hela na mabati, ni sawa, ila nawaomba na watoto waingie. Mimi mwanangu wa pili hasikii vizuri, alikaa darasa la kwanza mwaka mzima nyuma ya darasa mwalimu akidhani ni mkaidi, na kwenye kamati hakukuwa na mtu hata mmoja wa kusema jamani huyu mtoto apimwe. Nilipokuja kuwa mjumbe kitu cha kwanza nilichoomba ni tuletewe mwalimu wa elimu maalumu, tukampata mmoja aliyesoma Patandi kule Arusha, akatutumia meseji za sauti saba, kila moja dakika mbili tatu, namna ya kumtambua mtoto asiyesikia, asiyeona ubao, anayechelewa kuelewa. Zile sauti zimezunguka mpaka kwa wazazi ambao sio wajumbe, kuna bibi mmoja kamleta mjukuu wake shule kwasababu yake. Tena wajumbe wenye simu ndogo za batani walikuja kusikilizia kwa jirani, kitu ambacho Zoom hakifanyi.

Mwingine wa kumwita ni afisa ustawi wa jamii pamoja na dawati la jinsia la polisi. Kamati nyingi hazijui kwamba toka Novemba 2021 serikali imeruhusu msichana aliyeacha shule kwa ujauzito arudi mfumo rasmi, mpaka leo kuna mzazi anamkalisha binti nyumbani akijua mlango umefungwa. Na ile sheria ya 2016 ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito au kumuoa, watu wanaisikia tu redioni, hawajui hatua ya kwanza ni ipi, nani anaandika barua, mtoto analindwa wapi wakati kesi inaendelea. Huku kwetu likizo ya Juni na Desemba ndo watoto wanaingia jando na unyago, mimi unyago siupingi nimechezwa na mimi, ila ratiba ikisogea mbele shule zikifunguliwa viti vinabaki wazi na kamati inakaa kimya maana hakuna anayetaka kugombana na wazee. Hapo naona mtaalamu ni kungwi au ngariba mwenyewe, akae na mwalimu kwenye grupu moja wapange tarehe. Huyo neno lake linasikilizwa kuliko la afisa yeyote.

Mmakonde_Leicester

Nasoma hapa moyo unafurahi. Mimi kwetu Tandahimba ila niko Uingereza, na ni mjumbe wa bodi ya shule anayosoma binti yangu, huku wanaita gavana wa shule. Ni kazi ya kujitolea, hakuna mshahara, kipindi kwa kawaida miaka minne, na kazi kubwa ni tatu: kusimamia dira ya shule, kumuuliza mwalimu mkuu matokeo ya watoto, na kuangalia hela inatumikaje. Nilipoingia niliogopa kama nyie. Mafunzo mengi nimesoma mtandaoni, kuna chama cha National Governance Association wana masomo yao ya Learning Link, unasoma kidogokidogo usiku watoto wamelala. Na ulinzi wa mtoto huku ni lazima, toka Septemba 2022 mwongozo wa serikali unataka kila gavana afundishwe hilo anapoanza.

Ninachotaka kuwaambia ni jinsi somo zuri linavotengenezwa. Mwanasheria akiandika mwenyewe linakuwa zito. Somo lililonisaidia lilianza na kisa, mzazi kaja na malalamiko kwa mjumbe sokoni, ufanye nini? Unachagua jibu alafu mwanasheria anakueleza kwanini ukisikiliza malalamiko yote pale sokoni utaharibu kesi baadae. Yani mtaalamu analeta ujuzi, ila kisa kinatoka kwa mjumbe. Nyie visa mnavyo tele, mzee wa ruzuku ameshatoa cha kwanza, mama wa mabati cha pili, mtoto wa nyuma ya darasa cha tatu. Msichukue masomo ya huku mkayatafsiri, bodi za huku zina sauti kwenye kuajiri walimu na huko mwalimu anaajiriwa na serikali, mtachanganyikiwa bure.

Mjumbe_Kitangari

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mwenyekiti wetu kwa simu, asanteni mno. Tumekubaliana hivi. Mwalimu mkuu wa kila shule anaingizwa kwenye grupu kesho, nimeshaongea na wa kwetu, alinyamaza kidogo alafu akasema na yeye ana maswali kwa mhasibu. Zoom tunaacha. Somo litakuwa sauti fupi kwa WhatsApp, na wenye simu za batani tutawakalisha pamoja kwa mwenyekiti wao siku ya Jumapili. Fundi nakusubiri video ya bati. Mama wa Mikindani naomba zile sauti saba za mwalimu wa Patandi kama mwenyewe atakubali zitumwe, na kuna wajumbe wawili wanawake wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuvutavuta, shangazi yangu kajitolea kuwarudia kwa Kimakonde.

Swali moja bado. Kuanzia Oktoba minada ikifunguka hapa hakuna mtu wa kusikiliza, kila mtu yuko korosho, na mwezi wa sita wako mashambani na pampu za salfa wanapulizia mikorosho. Mhasibu, wewe ungeweza lini kati ya sasa na hapo?

Mhasibu_Kusini

Jumanne ijayo baada ya swala ya isha. Nipigie picha ubao wa matangazo wa shule zote tano kama ulivo, hata kama hauna kitu, na kila mwenyekiti anitumie idadi ya wanafunzi wake. Na huyo mzee aliyeuliza awepo, nataka nianze na yeye.