MREJESHO: Ratiba ya kufundishia watoto watatu nyumbani

Niliuliza namna ya kupanga masomo ya nyumbani kwa watoto wa miaka 7, 5 na 2. Asanteni sana wapendwa, ratiba imekaa.

Kusoma ni saa 2:30 asubuhi, baada ya uji, akili zikiwa bado mbichi. Anaanza wa miaka 5: dakika 15 za silabi, kadi tano tu, tatu za jana na mbili mpya. Leo ba, be, bi. Kesho bo na bu hazimtishi. Muda huo yule wa miaka 7 ananakili sentensi tatu, kazi isiyohitaji mtu pembeni. Kisha wanabadilishana. Ratiba ya kwanza ilikwama kwa sababu wote walipewa somo jipya kwa mpigo: kila mmoja anaita, hakuna anayesonga.

Hesabu ni kwa vizibo 20 vya soda, mafungu mawili ya kumi, mdogo asipofikia. Maharage ya kuhesabia yaondoeni kabisa, jamani. Mtoto wa miaka 2 huyatia puani, na yakilowa huvimba. Yeye tunampa beseni, vikombe viwili na maji kidogo, karibu na macho yetu.

Saa 4:00 chai. Baada ya hapo, hadithi tu.