Wauza taima za taa hapa Mwanza mnatudanganya mchana kweupe

Wakuu habari za muda huu, hasa nyie wa Kirumba, Igoma, Nyegezi na kokote mnakofuga samaki kwenye tanki nyumbani. Nina hasira na wauza taima, kile kidude cha kwenye soketi kinachowasha na kuzima taa ya tanki kwa saa unayopanga, na sitaificha.

Mimi nafuga furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wale wekundu wa kwenye mawe wanaoitwa nyererei, samaki ambaye wataalamu walimuandika 1985 kutoka hapa hapa ghuba ya Mwanza na wakampa jina la Mwalimu. Furu wengi wa ziwa letu walipotea baada ya sangara kuwekwa, kila mtu wa huku anajua, kwa hiyo jike akishika mayai nyumbani kwangu, kwangu mimi hilo ni jambo kubwa sana. Jike wa furu anabeba mayai na watoto mdomoni karibu wiki 3, na ukimshtua anatema au anameza. Sasa nambie taa inawaka saa 8 usiku, chumba chote giza, ghafla mwanga mkali juu yao, samaki wanakimbia wanagonga vioo, na asubuhi unamkuta jike mdomo mtupu. Nani ananilipa hiyo?

Chanzo ni taima. Ile ya kuzungusha, yenye pini ndogo ndogo pembeni, kila pini dakika 15. Dukani mjini niliuliza kabla sijatoa hela, nikasema kaka umeme ukikatika hii inashika muda? Akajibu bila hata kuiangalia, "bosi wangu hiyo ina betri ndani, wewe lala usingizi." Haina betri! Fundi ameifungua mbele yangu, ndani kuna kamota, gia za plastiki na swichi, basi. Hiyo mota inazungushwa na umeme wa ukutani wenyewe, umeme ukienda nayo inasimama pale pale, ukirudi inaendelea kutoka ilipoishia kama vile hakuna muda uliopita. Umepanga taa iwake saa 8 mchana izime saa 4 usiku, umeme ukakatika saa 6 nzima, kuanzia hapo inawaka saa 2 usiku inazima saa 10 alfajiri, ukikatika tena hivyo hivyo siku nyingine ndo unapata hiyo ya saa 8 usiku. Hakuna ubovu hapo, ndivyo ilivyotengenezwa. Kwa nchi ambayo umeme haukatiki itafanya kazi vizuri tu, ila kumuuzia mtu wa Mwanza kwa mdomo kwamba ina betri ni wizi, sina neno lingine.

Narudi dukani naambiwa "mali ikishatoka hairudi." Risiti ninayo. Halafu yule jamaa ananishauri ninunue nyingine kubwa ya wati 3500, eti ile yangu ilizidiwa. Imezidiwa na taa ya LED ya wati 30?

Na hapo kwenye wati nako kuna uongo ambao wengi hawaujui. Angalieni kibandiko, nyingi zimeandikwa 16(2)A. Ile 16 ni ampea kwa mzigo wa kupasha moto tu wa aina ya pasi au hita, ile 2 ya kwenye mabano ni kwa vitu vyenye mota au koili. Na LED nazo zina tabia yake, kile kibox chake kinapowashwa kinavuta umeme mwingi sana kwa kufumba na kufumbua, mara nyingi zaidi ya wati zilizoandikwa, na swichi dhaifu ndani ya taima, au rilei (swichi inayosukumwa na umeme) kwa zile za dijitali, inaweza kugandana. Ikigandana taa haizimi tena mpaka uchomoe. Taa ya kutwa kucha ukijani unatapakaa kwenye vioo na mawe, samaki hawapumziki. Muuzaji anayejua kazi angekuuliza unaunganisha nini. Huyu anauliza utalipa kwa simu au keshi.

Kilichonikera kuliko vyote ni mteja mwingine aliyekuwa pale, dada mmoja anaanza kufuga, anaambiwa aweke extension kwenye taima achomeke kila kitu humo, taa, filta na pampu ya hewa. Nikaingilia, nikamwambia dada yangu usifanye hivyo, filta inakaa na umeme saa 24, ukiizima usiku kucha wale bakteria wanaosafisha maji wanakosa oksijeni wanakufa na samaki wanafuata. Taima ni ya taa tu. Jamaa akaniona namharibia biashara.

Na zile zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani msihangaike nazo, kule ni volti 120 na hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, na mota ya taima inafuata hayo mapigo. Hata ukiweka transfoma, mota ya hezi 60 kwenye umeme wetu wa hezi 50 inachelewa dakika 10 kila saa, yaani saa 4 kwa siku. Zile za miguu miwili ya duara nazo wanakupa adapta ya bei rahisi inayocheza kwenye soketi mpaka inapata moto, pembeni ya tanki la maji jamani!

Kinachotufaa huku ni ya dijitali yenye betri ya ndani inayojichaji, plagi ya miguu mitatu bapa. Ikiwa mpya iacheni kwenye soketi ichaji ndo mpange muda. Na msikubali kuondoka dukani kabla hamjapanga saa, mkaichomoa, mkakaa kidogo mkaona kioo bado kinaonyesha muda. Muuzaji akikataa kipimo hicho ondoka, kashakujibu. Za wifi zipo, lakini kuna zinazorudi zimezima umeme ukirudi na nyingine bila bando hazijui saa ni ngapi, ulizeni kwanza. Waya wa taa muuache ushuke chini ya soketi kabla haujapanda, maji yakitiririka yadondokee sakafuni yasiingie kwenye taima. Saa 8 za mwanga zinatosha kwa tanki la nyumbani, na washeni taa ya chumba kwanza wasishtuke.

Duka silitaji ila hela yangu naidai na kesho nakwenda tena na risiti na ile taima iliyofunguliwa. Mwenye kujua duka Mwanza hii linalouza ya dijitali yenye betri ya kweli na linakubali uijaribu pale pale, aweke hapa na bei yake.